Ofisa aliyemuua Koitalel: kwa nini hakufungwa, na shajara zake tuziamini kiasi gani?

Mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Nandi ametuandikia. Anauliza mambo matatu. Je, ofisa aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei mwaka 1905 ndiye yule Meinertzhagen anayetajwa kwenye vita vya Tanga vya 1914? Kama ndiye, ilikuwaje mtu aliyeua kiongozi kwenye kikao cha mazungumzo asifungwe, tena akaendelea kupanda cheo hadi ukanali? Na shajara zake, ambazo vitabu vingi vinazinukuu, zinafaa kuwekwa mbele ya wanafunzi kama ushahidi?

Mwalimu, ndiye. Richard Meinertzhagen wa Nandi ndiye wa Tanga, na Tanga hakuishia hapo. Alipita Gaza, akakaa kwenye mkutano wa amani wa Paris wa 1919, akawa mshauri wa kijeshi wa Winston Churchill, ndipo akaacha jeshi 1925. Swali lako la pili lina jibu fupi ambalo halitakufurahisha. La tatu ndilo lenye kazi, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya mtu huyu tumekipata kutoka kwake mwenyewe.

Alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878. Jina lake la Kijerumani linatokana na ukoo wa wenye mabenki waliotoka Bremen. Mama yake, Georgina Potter, alikuwa dada wa Beatrice Webb, yule mwanamke wa siasa za kisoshalisti aliyefahamiana na nusu ya mawaziri wa Uingereza. Kijana alisomeshwa Harrow, akajaribiwa kwenye benki ya ukoo, moyo wake haukuwa huko. Mwaka 1899 akapata kamisheni katika Royal Fusiliers, akapelekwa India na Burma. Mwaka 1902 akaazimwa kwenda kikosi cha tatu cha King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, makao yake yakiwa Nairobi.

Neno "akaazimwa" lisikupite hivi hivi. Keya ilikuwa imeundwa Januari mwaka huohuo kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki, Uganda na Somalia. Askari walikuwa Waafrika; maofisa waliletwa kutoka vikosi vya Uingereza kwa miaka michache, kisha wakarudi walikotoka. Luteni wa umri wa miaka 24 kwao alikuwa mtu mdogo sana, na mshahara wake haukumalizia hata bili ya mesi. Huku alipata posho, aliwinda atakavyo, na kubwa kuliko yote, aliamuru. Alikabidhiwa kombania, akawekwa kwenye boma lililo mbali na mkuu wake kwa mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Alichoandika yeye kwenye ripoti ndicho kilichojulikana Nairobi, na kilichojulikana Nairobi ndicho kilichofika London. Mfumo huo ulimlea Meinertzhagen, na haukumlea yeye peke yake.

Miaka ya kwanza aliitumia Murang'a, ambako Waingereza walipaita Fort Hall, na Nyeri, katika misafara ya kuwaadhibu Wakikuyu. Huko, katika shajara yake ya Septemba 1902, anasimulia alivyozingira kijiji usiku kulipiza kifo cha Mzungu mmoja, na kuamuru kila mtu auawe isipokuwa watoto. Anaandika kwa utulivu wa mtu anayejaza daftari la stoo. Kati ya misafara aliwinda na kukusanya wanyama: mwaka 1904 yule nguruwe mkubwa mweusi wa msituni alitambuliwa rasmi na wanasayansi wa London kutokana na vielelezo alivyopeleka, na hadi leo jina la kisayansi la mnyama huyo ni Hylochoerus meinertzhageni. Hilo ni la kweli, na lina vielelezo vya kulithibitisha. Kumbuka nguruwe huyo, maana tutarudi kwenye makabati ya wanyama.

Sasa Nandi. Habari za upinzani unazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitakufundisha kwenu: utabiri wa Kimnyole, baba wa Koitalel, juu ya nyoka atemaye moshi, yaani reli, nyaya za simu na vyuma vya reli vilivyogeuzwa mapambo na silaha, misafara ya Waingereza tangu 1895 iliyokuja na kuondoka bila kumaliza kitu. Kufikia Oktoba 1905 serikali ilikuwa imeandaa msafara mkubwa kuliko yote. Meinertzhagen, sasa kapteni, alikuwa tayari Nandi. Kwa maandishi yake mwenyewe, alikuwa amekata shauri kwamba njia fupi ya kuwavunja Wanandi ni kumwondoa Orkoiyot, kiongozi wao wa kiroho, yaani Koitalel. Akapeleka ujumbe wa kuomba wakutane.

Tarehe 19 Oktoba 1905 wakakutana Ket Barak. Yasiyobishaniwa ni machache. Kikao kiliitishwa kwa jina la mazungumzo. Meinertzhagen alisogea mbele na watu wachache akiwa na mkalimani, kikosi chake kikiwa si mbali. Watu wawili hawa walikaribiana hadi kufikiana mikono. Bunduki zikalia, Koitalel akaanguka, na wenzake zaidi ya ishirini wakafa papo hapo. Upande wa Keya hasara haikuwa ya kutajika.

Kuanzia hapo masimulizi yanaachana. Meinertzhagen anasema ulikuwa mtego: aliposhikana mkono na Koitalel alivutwa kwa nguvu, mishale ikaanza kuruka, naye akafyatua kujiokoa. Wazee wa Nandi wanasimulia kwamba Koitalel alinyoosha mkono wenye majani, ishara ya amani ambayo mtoto yeyote wa Nandi angeielewa, akapigwa risasi mkono ukiwa bado umenyooshwa. Mimi nauliza swali la kawaida tu, ambalo hata hakimu wa mahakama ya mwanzo angeliuliza: mtego gani huo ambamo walioutega wanakufa wote, na aliyetegwa anarudi kambini na fimbo za marehemu?

Maneno yalienea miongoni mwa Wazungu wenyewe wa koloni, na hapo ndipo swali lako la pili linapoanza kupata jibu. Uchunguzi ulifanywa mara tatu, na waliokaa mezani walikuwa maofisa kama yeye. Mara zote tatu akasafishwa. Hata hivyo Wizara ya Makoloni, ambayo mwaka huohuo wa 1905 ndiyo iliyopokea koloni hili kutoka Wizara ya Mambo ya Nje, haikuridhika. Si kwamba iliwahurumia Wanandi. Iliona kwamba ofisa akishajulikana kuua watu kwenye kikao cha bendera nyeupe, hakuna chifu mwingine atakayekubali kuja kikaoni, na utawala usio na mazungumzo ni utawala wa gharama. Ikataka aondolewe. Mwaka 1906 akaondoka Kenya na kurudishwa kwenye kikosi chake cha Royal Fusiliers.

Basi. Hiyo ndiyo adhabu yote, Mwalimu: uhamisho. Hakushtakiwa wala hakushushwa cheo. Hata nishani hakunyang'anywa. Kwa kuwa alikuwa wa kuazimwa, kumrudisha kwa mwenye mali kulihesabika kuwa jambo limekwisha. Faili la Keya likabaki Keya. Huko Afrika Kusini na Mauritius alikofuata kutumikia, yeye alikuwa ofisa mwenye uzoefu wa vita vya porini, jambo lililokuwa la sifa. Linganisha na ukoo wa Koitalel: mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa 1923 na hakuachiwa hadi 1964, Kenya ikiwa imeshapata uhuru.

Kabla ya vita kuu Meinertzhagen alipelekwa chuo cha ukamanda na unadhimu cha Quetta, ambayo leo ni Pakistan. Chuo hicho kilikuwa ngazi. Aliyekipita hakurudi tena kuongoza kombania porini. Alikaa kwenye makao makuu, karibu na majenerali, na kalamu mkononi. Ndiyo maana mwaka 1914, jeshi la India lilipotumwa kuichukua Afrika Mashariki ya Wajerumani, yeye alipanda meli kama ofisa wa upelelezi wa kikosi cha Jenerali Arthur Aitken.

Tanga unaijua. Askari wapatao 8,000 waliteremshwa kuanzia usiku wa tarehe 2 Novemba, wengi wao hawajawahi kupigana pamoja, wamechoka kwa mwezi mzima wa bahari. Mji ulikuwa karibu mtupu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi, na kwa watu kama elfu moja tu akawasukuma Waingereza hadi baharini. Nyuki wakawashambulia wote bila kubagua bendera. Waingereza wakaacha bunduki mamia, bunduki za rashasha na risasi kama 600,000, ambazo askari wa Lettow walizitumia kwa muda mrefu baadaye. Maofisa wa Keya, waliozijua nchi na askari wa huku, walikuwa wamejitolea kusaidia. Aitken akaona hawahitajiki.

Sehemu ya Meinertzhagen katika Tanga inahitaji kupepetwa. Kwamba baada ya kushindwa alikwenda upande wa Wajerumani na bendera nyeupe kushughulikia majeruhi, hilo halina mashaka. Lakini maneno yale ya kejeli ambayo vitabu vinayaweka mdomoni mwa Aitken, kwamba jeshi la India litawafagia askari weusi kabla ya Krismasi, ukiyafuatilia hadi mwanzo wake utayakuta kwenye shajara ya Meinertzhagen. Kwamba alimpiga risasi askari wa upande wake aliyekuwa akikimbia, vilevile. Aitken alishushwa cheo hadi kanali, hakupewa tena jeshi la kuongoza, na aliyekuwa akiandika habari zake ndiye aliyebaki na jina zuri.

Hapa naomba tusimame kidogo. Jenerali aliyeshindwa na Wajerumani alishushwa cheo. Kapteni aliyeua kiongozi wa Wanandi kwenye kikao alihamishwa. Ukitaka kuwaeleza wanafunzi wako jeshi la ukoloni lilihesabu kosa gani kuwa kosa, waandikie sentensi hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine.

Miaka ya 1915 na 1916 aliendesha upelelezi wa Waingereza upande wa Kenya, na baadaye chini ya Jenerali Smuts. Kwa kazi hiyo alipewa nishani ya DSO mwaka 1916. Mbinu yake iliyosifika zaidi ni ya chooni. Wajerumani walikuwa wamezingirwa, karatasi zimewaishia, na maofisa wao walikuwa wakijipangusia barua, taarifa na hata karatasi za siri zilizoandikwa kwa mkono. Watu wake walizikusanya kutoka vyoo vya kambi zilizohamwa na kumletea, naye akajua ni kombania gani iko wapi na imebakiwa na watu wangapi. Waliozamisha mikono humo walikuwa Waafrika, na hakuna hata mmoja aliyepata nishani. Anasimulia pia kwamba Mwarabu mmoja, jasusi hodari wa Wajerumani, alimmaliza kwa kumpelekea barua ya shukrani na fedha kana kwamba anawafanyia kazi Waingereza. Wajerumani wakaikamata barua na kumnyonga wenyewe. Hadithi tamu, ila aliyeisimulia ni yeye.

Mwisho wa 1916 aliondoka Afrika Mashariki akiwa mgonjwa. Mwaka uliofuata yuko Misri, kisha mbele ya Gaza chini ya Jenerali Allenby. Huko ndiko ilikozaliwa hadithi iliyompa umaarufu duniani: shanta. Oktoba 1917 mpanda farasi wa Kiingereza alisogea karibu na doria ya Waturuki, akajifanya amejeruhiwa, akakimbia huku akidondosha shanta lenye fedha, barua za nyumbani na karatasi za uongo zilizoonyesha kwamba shambulio kubwa litakuwa Gaza. Tarehe 31 Oktoba Waingereza wakapiga Beersheba. Kwa miaka mingi sana dunia iliamini kwamba aliyebuni hila ile ni Meinertzhagen, na aliyepanda farasi ni Meinertzhagen. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha jambo tofauti: wazo lilikuwa la ofisa mwenzake, J. D. Belgrave, na mpanda farasi alikuwa Arthur Neate. Belgrave aliuawa vitani 1918, hakuwa na nafasi ya kubisha. Neate alinyamaza kwa miongo kadhaa.

Paris na Palestina nitazipita haraka, maana hazigusi swali lako sana. Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa ofisa mkuu wa siasa wa Allenby huko Palestina, akawa mtetezi mkali wa Wazayuni, akagombana na wakubwa wake wa kijeshi, na mwaka 1920 akaondolewa. Umeona mtindo? Anaondolewa, halafu anapanda. Kuanzia 1921 hadi 1924 alikuwa mshauri wa kijeshi wa idara ya Mashariki ya Kati, mwanzoni chini ya Churchill. Idara hiyo ilikuwa ndani ya wizara gani? Wizara ya Makoloni, ileile iliyotaka aondolewe Kenya miaka kumi na tano nyuma. Sijui kama kuna mtu aliyelifungua faili la zamani siku alipoajiriwa. Kama lilifunguliwa, halikumzuia.

Sasa shajara. Aliacha majuzuu zaidi ya sabini, yamehifadhiwa Oxford. Yanavutia macho: picha, michoro, maelezo ya kila siku kwa miongo mingi. Lakini yamepigwa taipu, kwenye kurasa ambazo haziwezi kukuthibitishia ziliandikwa lini. Ukurasa wa taipu huchomolewa na mwingine ukachomekwa, na tarehe iliyo juu yake haithibitishi chochote ila kwamba kuna mtu aliichapa. Yeye mwenyewe alianza kuyatoa kwa umma akiwa mzee: shajara ya Kenya ilichapishwa 1957, ya Mashariki ya Kati 1959, ya jeshi 1960.

Chukua mfano mmoja ulio karibu nasi. Katika shajara ya Kenya, kwenye siku za 1904, anaandika kwamba Wakikuyu ni werevu kuliko makabila mengine aliyoyaona, na kwamba kwa sababu hiyo watakuwa wa kwanza kudai uhuru na kuleta matata. Anadai pia kwamba alimwambia Kamishna Charles Eliot uso kwa uso kuwa nchi hii ni ya Waafrika na walowezi watakuja kujuta. Nimewahi kuona maneno hayo yakinukuliwa kama ushahidi kwamba "hata Wazungu wenye akili walijua." Lakini hali ya hatari ya vita vya Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952, na kitabu kimetoka 1957. Mtabiri anayetoa utabiri wake miaka mitano baada ya tukio hana kazi ngumu.

Yako mengine yanayochekesha. Anadai kwamba alipokutana na Hitler, Hitler akainua mkono na kujisalimia kwa jina lake mwenyewe, naye akainua wake na kujibu "Heil Meinertzhagen". Anadai kwamba safari nyingine aliingia kwa Hitler na bastola mfukoni. Anadai kwamba 1948, akiwa na miaka sabini, alishuka melini Haifa na bunduki na kupigana siku moja. Kwa mambo haya yote shahidi ni mmoja.

Huenda tungeendelea kubishana milele kama asingekuwa mpenzi wa ndege. Karatasi ni rahisi kubadilisha. Ngozi ya ndege aliyekufa ina ukaidi wake. Meinertzhagen alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa wakati wake, na mwaka 1954 makumbusho ya Uingereza yalipokea kutoka kwake ngozi za ndege zipatazo 20,000. Ingawa tangu 1919 makumbusho hayohayo yaliwahi kumfungia mlango wa chumba cha ndege kwa mwaka mmoja na nusu, kwa kuchukua vielelezo bila ruhusa, watu waliheshimu mkusanyo wake. Katika miaka ya 1990 wataalamu Alan Knox, kisha Pamela Rasmussen, wakaanza kuukagua ndege mmoja mmoja.

Angalia bundi mdogo wa India, yule wanaomwita bundi wa msituni. Alikuwa hajaonekana tangu karne ya 19, isipokuwa kielelezo kimoja ambacho Meinertzhagen alidai kukipata Gujarat mwaka 1914. Kila ndege huandaliwa na mkono wa mtu: anachanwa mahali fulani, anajazwa pamba kwa namna fulani, anashonwa kwa uzi wa aina fulani, na mkono huo hutambulika kama mwandiko. Rasmussen alipokipima kielelezo hicho akakuta kimefumuliwa na kushonwa upya, na chini ya kazi mpya kukiwa na kazi ya zamani ya James Davidson, mkusanyaji wa miaka ya 1880. Ndege alikuwa ameibwa kwenye makumbusho, akavalishwa kibandiko kipya chenye jina la Meinertzhagen, tarehe ya uongo na mahali pa uongo. Rasmussen na wenzake walipokipuuza kibandiko hicho na kwenda kutafuta mahali ambako wakusanyaji wa zamani walisema, wakampata bundi huyo akiwa hai, Maharashtra, Novemba 1997.

Na hakuwa mmoja. Wizi na vibandiko vya uongo vimepatikana kwenye vielelezo vingi vyake. Hii ndiyo sababu naweza kukuambia kwa ujasiri kwamba kudanganya kwa maandishi, kwa tarehe na kwa mahali kulikuwa mazoea yake, kwa miaka mingi, hata pale ambapo hakukuwa na faida yoyote ila jina lake kwenye kibandiko.

Basi tuzitupe shajara? Hapana, na hapa kuna jambo moja ambalo wengi wetu tunaliteleza. Tumezoea kusema: mtu akikiri uovu dhidi ya nafsi yake, aaminiwe, maana nani angejisingizia? Kwa Meinertzhagen kanuni hiyo haifanyi kazi. Kwake yeye kuua hakukuwa fedheha, kulikuwa sifa. Aliorodhesha maiti kama alivyoorodhesha ndege na tembo. Kwa hiyo ile habari ya kijiji kilichoangamizwa 1902 usiipokee kama ungamo, wala usiitupe kama porojo. Iweke kando hadi upate sauti nyingine: ripoti ya boma, barua ya mmishonari, au kumbukumbu ya familia za Murang'a. Misafara yenyewe ilikuwepo, mifugo ilichukuliwa, watu walikufa. Namba na majigambo ndivyo vya kupima.

Kwa Koitalel hali ni bora, kwa sababu hatumtegemei Meinertzhagen peke yake. Uchunguzi uliofanywa mara tatu uliacha karatasi. Wizara iliandikiana barua. Wanandi wamesimulia tukio hilo bila kukoma kwa zaidi ya karne, wakiwa hawana haja ya shajara ya mtu. Na kuna vitu vyenyewe: fimbo na kirungu cha Koitalel, ambavyo Meinertzhagen alivichukua siku ile, vilikaa na familia ya Meinertzhagen Uingereza hadi mwaka 2006, mwanawe alipovirudisha Nandi. Mtu aliyefyatua kwa hofu ya kufa, akipigania roho yake kwenye mtego, alipata wapi nafasi ya kukusanya kumbukumbu? Kuhusu kichwa cha Koitalel, kinachosemekana kilikatwa na kupelekwa Uingereza, familia na viongozi wa Nandi wamekuwa wakikidai kwa miaka mingi. Darasani kiseme kama dai, na useme ni dai la nani.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliyenibishia: kama ni mwongo kiasi hicho, kwa nini wanahistoria wakubwa walimnukuu? Nilimwambia alikuwa mwandishi mzuri, na huo ndio ukweli mchungu. Maofisa wenzake waliandika ripoti kavu zisizomalizika. Yeye aliandika mazungumzo, harufu, sura za watu. Mtafiti aliyechoka na ripoti kumi za risasi na mahindi, akiifikia shajara hiyo, anahisi amepata maji. T. E. Lawrence, yule "Lawrence wa Arabuni", aliyefanya naye kazi alimwona kuwa mtu wa ajabu, mwenye akili na mwenye kufurahia ukatili. Watu wawili waliojua kujitengenezea hadithi walitambuana.

Kwa darasa lako, ningeanza hivi. Wape wanafunzi maelezo ya Meinertzhagen ya tarehe 19 Oktoba na maelezo ya mzee mmoja wa Nandi, bila kuwaambia yapi ni ya kuaminiwa, waorodheshe yale ambayo maelezo yote mawili yanakubaliana. Orodha itakuwa fupi, na ndiyo msingi. Kisha wapeleke jumba la makumbusho la Koitalel Samoei pale Nandi Hills wakaone fimbo kwa macho yao. Kama kuna mmoja atakayefika chuo kikuu akapata nafasi ya kwenda Uingereza, barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki kuanzia 1905 ziko kwenye nyaraka za taifa, Kew, fungu la CO 533. Aombe za 1905 na 1906 na asome walichoandikiana makarani pembeni mwa barua, maana mara nyingi pembeni ndiko walikosema ukweli. Hapa nyumbani, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, zina mafaili ya wilaya.

Masimulizi ya wazee yakusanye mwenyewe, sasa hivi, kabla ya faili lolote. Pita kokwet kwa kokwet, yaani ujirani kwa ujirani. Ukipata matoleo matatu yanayopingana, usiyaunganishe yawe moja. Yaandike yote kama yalivyosemwa, na kando ya kila moja jina la msimulizi, mwaka aliozaliwa, na ni nani aliyemsimulia yeye.